Baraza, Muhtasari na Mengineyo: Historia ya Mkutano wa Kijiji Tanzania Bara

Mkutano ambao wakazi wa kijiji huwaeleza viongozi wao kero zinazowasumbua haukubuniwa na sheria moja wala na utawala mmoja, kwa kuwa kila dola iliyoitawala Tanzania Bara ilihitaji mahali pa kukutana na watu ana kwa ana, iwe kwa kuwatoza kodi, kuwahimiza kulima au kuwaomba kura. Ruhusa ya wananchi kusema haikukosekana kabisa hata chini ya mkoloni. Kilichobadilika, tena kwa mwendo wa kobe, ni nani anayepanga ajenda, nani anayeandika yaliyosemwa, na nani anayelazimika kurudi mbele ya watu walewale kuyatolea majibu.

Wajerumani walitawala wilaya kwa kutumia maakida na majumbe, yaani watumishi waliosimamia makundi ya vijiji kwa mfano uliotoka pwani, na kwa njia hiyo Kiswahili kikawa lugha ya kupokelea amri hata bara. Waingereza walipochukua nchi, Gavana Donald Cameron alitunga mwaka 1926 sheria iliyowapa machifu mamlaka ya kutawala watu wao kwa niaba ya serikali, mfumo unaojulikana kama utawala usio wa moja kwa moja. Chini ya mfumo huo, Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni aliyesimamia wilaya, alizunguka akiitisha baraza, yaani mkutano wa hadhara ambao chifu aliwajibika kuujaza watu. Humo zilitangazwa habari za kodi, za kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na za kupunguza mifugo, kisha wananchi wakaachiwa nafasi ya kulalamika. Malalamiko hayo yalisikilizwa, na pengine kwa subira, lakini jibu lilitoka kwa yuleyule aliyeleta amri, na kumbukumbu zilibaki katika majalada ya ofisi yake, mahali ambapo mlalamikaji hakuwa na njia ya kuzidai.

Udhaifu wa baraza la namna hiyo ulidhihirika mwaka 1951, pale Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, ingawa walikuwa wamekwisha kupinga mpango huo mbele ya serikali. Kwa kuwa nyumbani hapakubaki wa kuwasikiliza, walimtuma mwenzao Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alifika New York na kutoa shauri lao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, chombo kilichozisimamia nchi zilizokabidhiwa kwa dola nyingine kama ilivyokuwa Tanganyika, jina la Tanzania Bara wakati huo. Uamuzi wa kuwahamisha haukutenguliwa, ila suala la kijiji kimoja lilikuwa limekwisha kuwa suala la nchi nzima. Huko Uluguru mambo yalikwenda kwa njia nyingine: mwaka 1955 upinzani dhidi ya kulazimishwa kuchimba matuta uligeuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, na hatimaye mradi wenyewe ukaachwa. Ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba serikali ya kikoloni ilibadili msimamo ilipoogopa, si iliposikiliza.

Baada ya uhuru mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na nafasi yao ikajazwa na chama cha TANU, ambacho kilijipanga hadi ngazi ya nyumba kumi chini ya kiongozi aliyekuja kujulikana kama balozi. Mwaka 1972 serikali ilianzisha utaratibu uliopewa jina la Madaraka Mikoani. Jina hilo lilikuwa na kejeli ambayo huenda haikukusudiwa, kwani halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake kukabidhiwa kwa maofisa walioteuliwa na serikali kuu, hivyo mwanakijiji akakosa diwani wa kumbebea lalamiko lake. Ni katika kipindi hichohicho ambapo Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu kuingia vijijini, wengi wao bila hiari. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliyofuata ilianzisha mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, pamoja na halmashauri ya kijiji ya kutekeleza maamuzi. Kwa maneno mengine, mkutano wa kidemokrasia ulipewa watu ambao hawakuwa wameulizwa kama walitaka kuishi mahali unapofanyika. Zaidi ya hayo, mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji, kiasi kwamba kumkosoa mtendaji wa serikali kulikuwa sawa na kukikosoa chama.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, iliyofuatwa na kurejeshwa kwa halmashauri za wilaya mwaka 1984, ndiyo iliyoupa mkutano mkuu umbo ulilonalo hadi leo, ikiutambua kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika mambo ya sera. Mkutano huo hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na utaratibu wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuuhudhuria: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya mapato na matumizi, kisha mengineyo. Mara nyingi kero huangukia kwenye mengineyo, jua likiwa limekwisha kuwa kali na wazee wakianza kunyanyuka: bomba lisilotoa maji, mchango wa madarasa usiojulikana ulikokwenda, ng'ombe walioingia shambani. Hata hivyo, nguvu ya mwananchi haiko hapo bali kwenye yatokanayo, maana lalamiko likishaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti na afisa mtendaji hulazimika kueleza katika mkutano unaofuata limefikia wapi. Bwana Shauri hakuwahi kufungwa na kanuni ya namna hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliongeza uzito huo kwa kuizuia halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Pale serikali inapotaka kuhawilisha ardhi ya kijiji, yaani kuibadili iwe ardhi ya jumla, mkutano ndio wenye uamuzi iwapo eneo halizidi hekta 250, na likizidi hapo uamuzi huwa wa waziri, baada ya mkutano kutoa maoni yake. Kwa hiyo muhtasari na orodha ya mahudhurio vimekuwa nyaraka za kugombewa, na katika migogoro ya ardhi hoja inayojirudia ni kama mkutano unaodaiwa kuridhia ulifanyika kweli, na kama akidi, yaani idadi ya wahudhuriaji inayotakiwa ili uamuzi uwe halali, ilitimia. Wakazi wa mijini hawana silaha kama hiyo, kwa kuwa mtaa, tofauti na kijiji, hausimamii ardhi wala hauwezi kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake, na mkutano wa mtaa huishia kupeleka maombi kwa halmashauri ya mji.

Mageuzi ya vyama vingi ya mwaka 1992 yalitenganisha uongozi wa tawi la chama na uongozi wa kijiji, lakini afisa mtendaji, ambaye ndiye mtunza muhtasari, huajiriwa na halmashauri ya wilaya na huweza kuhamishwa kabla yatokanayo hayajasomwa.