Ngoma ya watu wanne iliyoliza dunia nzima

Wadau, leo tuna stori ya bifu la kimya kimya kati ya mastaa wawili wa zamani. Majina kapuni kwanza. Mmoja ni kijana wa Kimarekani anayechipukia, mtunzi mwenye kipaji lakini bado anatafuta jina. Mwingine ni mzee wa Kiitaliano, kiongozi wa okestra anayeogopwa kuliko wote pale New York. Kijana kamtumia mzee karatasi za muziki wake. Mzee akazirudisha. Hakuna barua, hakuna "asante", hakuna hata neno moja.

Kijana akamaindi kinoma. Majira ya joto ya 1938 swahiba wake akaenda kumsalimia mzee huko Italia, yeye akagoma kwenda. Swahiba akamtetea kwamba jamaa hajisikii vizuri. Mzee wala hakudanganyika. Akasema huyo haumwi, kanikasirikia tu, na kamwambie ngoma yake nitaipiga.

Kumbe alizirudisha karatasi kwa sababu alikuwa ameshazikariri! Macho yake yalikuwa mabovu, hivyo alizoea kuongoza okestra kwa kichwa bila kuangalia karatasi.

Haya, majina hadharani. Kijana ni Samuel Barber, swahiba ni Gian Carlo Menotti, mzee ni Arturo Toscanini, na ngoma ni Adagio for Strings. Usiseme huijui. Kama umeangalia filamu ya Platoon ya 1986, ni zile fidla za taratibu zinazokuacha na donge kooni. Kama wewe ni mtu wa klabu, basi umeirukia kwenye rimiksi ya Tiësto bila kujua inatoka wapi.

Sasa ipo siri ambayo wengi hawaijui. Hiyo unayoijua siyo ya kwanza.

Mwaka 1936 Barber alikuwa na miaka 26, yuko Ulaya na Menotti. Alichokuwa anaandika kilikuwa cha watu wanne tu: fidla mbili, viola moja na selo moja. Kundi la namna hiyo huitwa kwateti, na muziki wake ni wa kupigwa kwenye chumba, watu wachache wamekaa karibu karibu. Kazi hiyo ilikuwa na vipande vitatu, na hii ngoma ya huzuni ilikuwa cha pili, cha katikati. Ilipigwa mara ya kwanza Roma, Desemba 1936.

Baadaye Barber akakichomoa hicho kipande cha katikati, akakipanga upya kwa okestra nzima ya nyuzi. Hizo ndizo karatasi alizomtumia mzee. Tarehe 5 Novemba 1938 Toscanini akaipiga na okestra ya NBC, moja kwa moja redioni, ikaingia kwenye masebule ya Marekani nzima kwa usiku mmoja. Mwaka 1942 ikarekodiwa kwa ajili ya santuri. Santuri za enzi hizo upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, kwa hiyo ngoma ya dakika saba ilibidi uigeuze katikati ya machozi!

Unaweza kuuliza, kuongeza watu kunabadilisha nini wakati noti ni zile zile? Kunabadilisha sana. Wakiwa wanne, kila mmoja yuko peke yake na sauti yake. Unasikia uta ukikwaruza uzi, unasikia hata pumzi. Ngoma inapopanda juu kabisa, pale kabla ya ule ukimya, unahisi mtu mmoja anang'ang'ania na anaweza kuteleza muda wowote. Wakiwa wengi, mtu mmoja mmoja anapotea. Sauti inakuwa wimbi. Halafu linaongezeka besi, lile dude kubwa la kusimama ambalo mashabiki wa taarab asilia wanalijua, na kwenye kwateti halipo kabisa. Besi ndilo linaloipa ngoma sakafu. Yaani ya wanne ni mtu anayelia chumbani kwake, ya okestra ni msiba wa mtaa mzima.

Na msiba ndio ulioibeba. Rais Roosevelt alipofariki Aprili 1945, redio zikaipiga. Kennedy alipouawa 1963, ikapigwa tena. Septemba 15, 2001, siku chache baada ya mashambulizi ya New York, ilipigwa London kwenye usiku wa mwisho wa tamasha la Proms, sehemu ambayo kwa kawaida ni shangwe na bendera.

Hapa ndipo mimi naona kuna kitu tulimnyang'anya Barber. Kwenye ile kazi ya kwanza huzuni haikuwa mwisho. Baada yake kinakuja kipande kifupi chenye kasi, kinachorudisha ule moto wa mwanzo. Mtu analia, halafu anasimama. Okestra ilipochukua kipande cha katikati peke yake, na redio na santuri zikakisambaza hivyo, kile kinachofuata kikabaki nyuma. Dunia ikachukua kilio, ikaacha jibu.

Ni kweli, Barber alikichomoa mwenyewe. Mwaka 1967 hata akaipangia kwaya, akaiita Agnus Dei. Lakini ukubwani alilalamika kwamba watu wanapiga hiyo hiyo tu, wakati ana kazi nyingine kibao. Alifariki Januari 1981, kabla hata Platoon haijatoka.

Wapo waliofanya tofauti. Mwaka 1977 Leonard Bernstein aliichukua kwateti ya Beethoven, Opus 131, akairekodi na nyuzi zote za Vienna Philharmonic. Yeye hakuchomoa kipande. Alipiga vyote saba, kuanzia kilio cha mwanzo mpaka vurugu ya mwisho, bila kukata. Rekodi hiyo aliitoa kwa kumbukumbu ya mke wake, Felicia, aliyefariki 1978. Okestra nzima, lakini stori haikukatwa.

Sisemi toleo la okestra ni baya. Bila Toscanini na redio yake, mimi na wewe huenda tusingemjua Barber kabisa. Ila ukiijua ngoma kwa toleo moja tu, usidhani umeshaijua yote.

Kwa hiyo leo usiku vaa hedifoni, tafuta mtandaoni rekodi ya Toscanini. Ikiisha, tafuta kwateti yenyewe, Opus 11, kundi la Emerson wameirekodi vizuri. Isikilize mpaka mwisho, usiizime kipande cha pili kikiisha. Halafu rudi hapa utuambie: lipi limekugusa zaidi, la wanne au la okestra? Na kile kipande cha mwisho, kilikusaidia au kilikuharibia? Tiririka hapo chini.