Deni la Watunzi wa Kijerumani kwa Venezia

Mnamo mwaka 1711, mpiga chapa Estienne Roger wa Amsterdam alitoa mkusanyo wa koncheto 12 za Antonio Vivaldi, padre na mpiga fidla wa Venezia. Koncheto ni utungo ambamo ala moja au chache hujitenga na kundi zima, zikajibizana nalo, kisha zikapatana nalo. Mkusanyo huo, *L'estro armonico*, ulienea upesi katika nchi za Kijerumani. Je, watunzi walioupokea huko walikuwa waigaji tu?

Yafaa kukumbuka kwamba njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwishoni mwa karne ya 17, Mwitalia Giuseppe Torelli alitumikia ikulu ya Ansbach. Miongoni mwa watoto waimbaji wa hapo alikuwamo Johann Georg Pisendel, ambaye mwaka 1716 alifika Venezia akafundishwa na Vivaldi mwenyewe. Aliporudi Dresden, aliufanya mji huo kuwa makao ya muziki wa mwalimu wake.

Johann Sebastian Bach hakufika Italia kamwe. Huko Weimar alikokuwa mpiga kinanda, mwanamfalme kijana Johann Ernst alirejea mwaka 1713 kutoka masomoni Utrecht. Katika mwaka huo na uliofuata, Bach aliandika upya koncheto kadhaa za Kiitalia ili zipigwe na mtu mmoja kwenye kinanda. Kazi hiyo ilikuwa tafsiri hasa. Fidla huweza kuivuta sauti kwa muda mrefu, ilhali sauti ya kinanda cha nyuzi hufifia mara. Hivyo Bach alilazimika kuzijaza nafasi, hususan kwa mkono wa kushoto.

Katika kutafsiri huko alijifunza muundo. Kwa Vivaldi, kundi zima hufungua kwa kiitikio. Kiitikio hicho hurudi katika ngazi mbalimbali za sauti, na katikati yake ala pekee hupewa uhuru. Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika maisha ya Bach mwaka 1802, alishikilia kwamba hapo ndipo Bach alipojifunza mpangilio wa fikra katika muziki.

Matunda yake yalidhihirika mwaka 1721, Bach alipomtunukia mwanamfalme mmoja wa ukoo wa Brandenburg koncheto 6. Katika ya tano, kinanda cha nyuzi, ambacho desturi yake ilikuwa kusindikiza wengine, kinashika uongozi na kupiga peke yake kwa kitambo kirefu. Muundo ni wa Kiitalia. Matumizi hayo ni ya Bach.

Hata hivyo, mkopeshaji alisahauliwa. Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741, na jina lake likafifia. Koncheto yake moja, iliyoandikwa upya na Bach kwa kinanda cha kanisani, ilitiwa jina la mwanawe Bach, Wilhelm Friedemann, kwa mkono wa Friedemann mwenyewe. Ukweli ulibainishwa mwaka 1911. Ajabu ni kwamba wataalamu waliomchunguza Bach ndio waliosaidia kumrudisha Vivaldi katika kumbukumbu.

Lugha inayoazima neno na kulitia katika ngeli zake haipotezi sarufi yake. Vivyo hivyo, kuazima hakukumpunguzia Bach hadhi. Kasoro ilikuwa kulificha jina la mwenye mali. Na wahenga walikwisha kunena kwamba dawa ya deni ni kulipa.