Muda Ndio Mwamuzi: Mitindo ya Kuandika Programu za Roboti

Mabishano kuhusu namna ya kuiandikia roboti programu husimuliwa kama ushindani wa nadharia mbili za akili. Upande mmoja wako walioamini kwamba roboti ipewe ujuzi wa mazingira yake na uwezo wa kupanga. Upande wa pili, walioamini kwamba tabia fupi za kuitikia kinachohisiwa zinaitosha. Historia ya mashine zenyewe inatoa hukumu nyingine: mtindo uliofaa uliamuliwa na muda ambao mazingira yaliipa roboti kabla ya kutenda. Roboti ya Unimate, iliyoanza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, haikuhitaji nadharia yoyote. Mafundi waliuongoza mkono wake hatua kwa hatua, mikao ikahifadhiwa katika kumbukumbu ya sumaku, nao ukairudia. Hilo lilitosha kwa sababu kiwanda kilikuwa kimepangwa ili kila kipande kifike mahali palepale kwa zamu yake.

Shakey, iliyoundwa Stanford Research Institute, California, kati ya 1966 na 1972, ilitaka zaidi. Sehemu kubwa ya akili yake iliandikwa kwa Lisp, lugha inayoshughulikia alama na kanuni za mantiki kwa wepesi. Mwaka 1971 Richard Fikes na Nils Nilsson waliipatia STRIPS, programu iliyopokea lengo na kutafuta mfululizo wa vitendo vya kulifikia. Hata hivyo Shakey ilitembea katika vyumba vilivyotayarishwa kwa ajili yake, vyenye maboksi yaliyotulia. Gharama ya kufikiri kwanza ndipo utembee ilidhihirika zaidi kwa gari la majaribio la Hans Moravec wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1979 lilivuka chumba chenye viti kwa takriban saa 5, likisogea kama mita 1 kisha likisimama dakika 10 hadi 15 kuchambua picha. Viti vilingoja. Lilipopelekwa nje, vivuli vya jua vilihama kompyuta ikiwa bado inapiga hesabu, na ramani ikachakaa kabla haijatumika.

Rodney Brooks, aliyekuwa mwanafunzi Stanford katika miaka hiyo, alijibu tatizo hilo mwaka 1986 akiwa MIT. Alipendekeza programu ya matabaka, kila tabaka likiunganisha vihisi na mota moja kwa moja, na la juu likiweza kulizima la chini. Genghis, roboti yake ya miguu 6 ya mwaka 1989, ilitembea juu ya vikwazo kwa ushirikiano wa mashine ndogo 57 za hali, bila ramani wala mpango mkuu. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na mpaka wake. Roboti isiyo na kumbukumbu ya kudumu haiwezi kupanga safari ya vituo vitano, na kadiri matabaka yanavyoongezeka ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mwandishi kutabiri yatakavyoingiliana.

Ndiyo maana katika miaka ya 1990 vikundi mbalimbali, kila kimoja kwa njia yake, vilifikia muundo wa ngazi tatu: ya chini huitikia papo hapo, ya kati hupanga mfuatano wa vitendo, ya juu hutafakari kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Chombo cha angani Deep Space 1 kilidhihirisha thamani ya ngazi ya juu Mei 1999, kilipojiongoza kwa muda kwa programu ya Lisp, mbali mno kwa waendeshaji wa Duniani kukiongoza papo hapo. Mfumo wa ROS, ulioanza mwaka 2007, ukarahisisha mgawanyo huo kwa kuziwezesha programu za C++ na za Python kupelekeana ujumbe ndani ya roboti moja.

Yupo atakayesema kwamba kompyuta za leo zina kasi kiasi kwamba hoja hii imepitwa na wakati. Kasi pekee haitoshi. Mwaka 1997 kompyuta ya chombo cha Mars Pathfinder ilijiwasha upya mara kadhaa juu ya Mirihi kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini ilishikilia rasilimali iliyohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, huku kazi ya kati ikizuia isiiachilie. Kosa lilikuwa katika kupanga nani amngoje nani. Mwingine atasema kwamba mashine zinazojifunza zitaufuta uchaguzi huu. Lakini mtandao wa neva uliojifunza nao lazima utoe jibu kabla mguu haujateleza, na lazima pawe na sehemu ya programu inayohakikisha hivyo. Anayeanza kazi leo asichague lugha au mtindo kwa mazoea au kwa sifa zake. Aandike kwanza kila uamuzi wa roboti yake unaruhusiwa kuchukua muda gani, kisha aipe kila sehemu mtindo unaotimiza muda huo.