Daraja lililofungwa na daraja lililoachwa wazi

Sisi waandishi wa habari tunapenda sana madaraja siku mbili tu: siku ya kukata utepe na siku ya kuanguka. Siku ya utepe kuna kiongozi, kuna ngoma, kuna bahasha ya nauli. Siku ya kuanguka kuna ukurasa wa mbele. Katikati ya siku hizo mbili hupita miaka ishirini, thelathini, hata mia, na hapo hakuna anayetumwa na mhariri wake kwenda kuangalia nguzo zimesimamaje.

Leo nataka tuitazame hiyo miaka ya katikati, na nitaanzia mbali kidogo, kwenye mto mmoja wa mashambani huko Marekani. Mto wenyewe unaitwa Schoharie, uko jimbo la New York. Usilisikie jina New York ukafikiria maghorofa. Huku ni vijijini, kuna mabonde, mashamba na ng'ombe wa maziwa. Schoharie unatoka milima ya Catskill, unaelekea kaskazini mpaka unapoingia mto mkubwa wa Mohawk. Wenyewe wanauita kijito tu, kwa sababu kiangazi unapungua mpaka mawe yanaonekana. Jina lake ni la Wamohawk, wenyeji wa asili wa bonde lile, na linaelezwa kuwa na maana ya magogo yanayoelea. Mtu aliyeupa mto jina hilo bila shaka aliwahi kuuona siku umefurika.

Mwaka 1954 ilifunguliwa barabara kuu ya kulipia ya jimbo hilo, na karibu na kijiji cha Fort Hunter ikavuka Schoharie kwa daraja la zege na chuma lenye urefu wa mita 165 hivi. Lilikuwa na vipande vitano, kila kimoja kimeegemezwa kwenye nguzo au ukingo. Nguzo nne, na mbili za katikati zikiwa ndani ya mkondo wenyewe.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Nguzo zile hazikusimamishwa juu ya mihimili iliyopigwa chini mpaka ikagusa mwamba. Zilisimama juu ya kitako kipana cha zege kilichofukiwa kina kifupi tu. Chini yake kulikuwa na udongo mgumu uliochanganyika na mawe, mabaki ya barafu ya zama za kale, na wasanifu waliamini ni mgumu kiasi kwamba maji hayawezi kuuchimba. Kwa tahadhari wakarundika mawe makubwa kuzunguka kila kitako. Yale mawe ndiyo yalikuwa ngao. Zege na chuma vyote vile, na magari yote yatakayopita juu, usalama wake ulitegemea rundo la mawe chini ya maji ambalo hakuna dereva aliyewahi kuliona.

Oktoba 1955, mwaka mmoja tu baada ya daraja kufunguliwa, mto ukafurika vibaya sana. Daraja likasimama. Watu wakaambiana: mnaona? Limevumilia gharika kubwa kuliko zote, litavumilia lolote.

Kumbe siku ile mto ulianza kuchukua mawe.

Kitaalamu mambo yako hivi. Maji yanayokwenda kasi yakigonga nguzo hayapiti pembeni tu. Mengine yanashuka chini kwa nguvu, yanajizungusha kwenye kitako cha nguzo na kuchimba, mfano wa wimbi linavyochimba mchanga chini ya nyayo zako ukisimama ufukweni Coco Beach. Mafuriko yakipungua, mara nyingi shimo lile hujazwa tena na tope na mchanga laini. Ukija baada ya wiki kuangalia, utaona mto umetulia na nguzo imesimama wima. Hujui kwamba sehemu ya udongo uliobeba daraja imeshaondoka na nafasi yake imeshikwa na tope.

Mwaka 1977 washauri walilikagua daraja hilo na wakapendekeza mawe yale yarudishwe. Mwaka 1980 ikafanyika kazi kubwa ya matengenezo. Katika kazi zilizofanywa, mawe hayakuwemo. Yalitolewa kwenye orodha kabla mkandarasi hajaanza kazi. Daraja likaendelea kukaguliwa kwa ratiba, mara ya mwisho Aprili 1986, lakini wakaguzi walikuwa wakitazama kile kilicho juu ya maji. Hakuna mpiga mbizi aliyewahi kuteremshwa kukagua vitako tangu siku daraja lilipofunguliwa. Ukaguzi wa chini ya maji ulikuwa umepangwa. Umepangwa lini? Mwaka 1987.

Mto haukusubiri. Jumapili tarehe 5 Aprili 1987, theluji ya milimani ilikuwa inayeyuka na mvua kubwa imenyesha juu yake. Muda mfupi kabla ya saa tano asubuhi nguzo ya tatu ikazama ndani ya shimo ambalo maji yalikuwa yamelichimba chini yake, shimo la mita tatu hivi. Vipande viwili vya daraja vikaenda nayo. Gari dogo moja na lori moja vilikuwa juu. Kabla barabara haijazibwa, magari mengine matatu yakaja kwa mwendo wa barabara kuu na kutumbukia kwenye pengo. Dakika tisini baadaye nguzo ya pili nayo ikaanguka. Watu kumi walikufa.

Ona kwamba mafuriko hayo ya 1987 yalikuwa madogo kuliko yale ya 1955. Daraja lilishinda mtihani mgumu likafeli mtihani mwepesi, kwa sababu kati ya mitihani hiyo miwili lilikuwa linaliwa kidogo kidogo bila mtu kuangalia.

Habari hii imeandikwa sana na wahandisi, na ni somo vyuoni. Lakini kuna kipande chake ambacho husemwa kwa sentensi moja na kuachwa, na mimi naona ndicho kikubwa zaidi. Kilomita tano hivi juu ya mto huohuo kulikuwa na daraja jingine, la barabara ya kawaida ya vijijini, mahali panapoitwa Mill Point. Maafisa wa jimbo walilitilia shaka, wakihofia kwamba msingi wake nao umechimbwa, wakalifunga. Siku sita baada ya msiba wa barabara kuu, sehemu kubwa ya daraja la Mill Point ikaanguka mtoni.

Hakufa mtu hata mmoja.

Hebu fikiria siku hizo sita zilivyokuwa kwa watu wa pale. Daraja linaonekana zima. Unalitazama kwa macho yako, limesimama, na kizuizi kimewekwa mbele yake. Inabidi uzunguke mbali kwenda dukani au kazini. Sidhani kama kuna kijiji chochote duniani ambacho watu wake wasingenung'unika: maafisa hawa wanatuonea, daraja lenyewe hata ufa halina. Kufunga daraja lililosimama ni kazi isiyo na shukrani. Likianguka, watasema bahati. Lisipoanguka, watasema ulituzungusha bure. Ndiyo maana wakubwa wengi hawapendi kufunga.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Daraja jipya la barabara kuu likakamilika Mei 1988, mwaka mmoja na ushei baada ya lile la kwanza kuanguka, na Mill Point nako magari leo yanavuka juu ya daraja jingine. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipotoa ripoti yake mwaka 1988, lawama kubwa iliwekwa kwa mamlaka ya barabara kwa kushindwa kutunza yale mawe. Halikuwa kosa la mvua, wala la mto. Kuanzia 1988 pia Marekani ikaweka sharti kwamba msingi wa daraja ulio ndani ya maji ukaguliwe chini ya maji angalau kila baada ya miaka mitano.

Utaona kwamba hata sheria za ukaguzi zina makaburi nyuma yake. Ukaguzi wa madaraja kwa ratiba ya taifa zima ulianza kule baada ya daraja la Silver kuanguka katika mto Ohio Desemba 1967 na kuua watu 46. Sheria ikapitishwa 1968, viwango vikatoka 1971. Viwango hivyo viliwafundisha watu kutazama vyuma, kwa sababu Silver liliuawa na ufa kwenye chuma. Ilibidi wafe watu wengine kumi ili watu wafundishwe kutazama chini ya maji pia. Na hata baada ya hapo, mwaka 1989 daraja la mto Hatchie huko Tennessee likaanguka kwa msingi kuchimbwa, watu wanane wakafa. Mwaka 1995 ikawa zamu ya California, watu saba.

Kwenye mto huohuo wa Schoharie kuna daraja la tatu ninalolipenda kuliko yote. Lilijengwa mwaka 1855 kwa mbao, lina paa kama nyumba, katika kijiji cha North Blenheim. Fundi wake aliitwa Nicholas Powers. Watu walimcheka, kwa sababu alitaka kuruka mto mzima kwa kipande kimoja cha zaidi ya mita 60, bila kuweka nguzo hata moja ndani ya maji. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoa majukwaa yaliyolishikilia, Powers alipanda akakaa juu ya paa la daraja lake. Likianguka, alianguke naye.

Halikuanguka. Lilikaa miaka 156, likazikwa vizazi na vizazi vya waliocheka, mpaka Agosti 2011 kimbunga Irene kilipoinua Schoharie mpaka maji yakalifikia lenyewe na kulibeba. Watu wa pale wakalijenga upya, juu zaidi ya lilipokuwa, likakamilika mwaka 2018.

Sisemi turudi kwenye mbao. Ninachokiona kwa Powers ni uhusiano wa mtu na kazi yake. Aliuogopa mto, hakuweka mguu wake ndani yake, halafu akakaa juu ya kazi yake mbele ya watu. Kwenye daraja la barabara kuu, mshauri alipendekeza, mwingine akafuta, mkaguzi akatazama juu, mpiga mbizi akapangiwa mwakani. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha karatasi. Hakuna aliyekaa juu ya paa.

Sasa turudi nyumbani. Machi 2020, daraja la Kiyegeya pale Gairo lilisombwa na maji, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Nchi nzima iligundua siku hiyo kwamba mji mkuu wake unategemea kivuko kimoja ambacho wengi wetu tulikipita mara kumi tukiwa tumelala kwenye basi. Tarehe 4 Desemba 2021, jirani zetu wa Kenya walipoteza zaidi ya watu 30 katika mto Enziu, Mwingi. Walikuwa kwenye basi wakienda harusini. Kivuko kilikuwa kimefunikwa na maji, basi likaingia, mto ukalivuta. Ndugu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Enziu hapakuwa na nguzo ya kuchimbwa, lakini swali ni lilelile la Mill Point: nani mwenye mamlaka ya kusema hapa hapapitiki leo, na atasikilizwa?

Na kuna mchanga. Mwaka 2001 daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno, lililojengwa mwaka 1887, lilianguka katika mto Douro na kuua watu 59, wengi wao wakiwa ndani ya basi moja. Miaka mingi ya kuchota mchanga ilikuwa imeshusha kitanda cha mto na kuziacha nguzo uchi. Waziri aliyehusika alijiuzulu. Wewe unayeishi Dar, pita kwenye daraja lolote la mto wa msimu pembezoni mwa jiji, angalia chini. Utaona vijana na makoleo, na malori yanasubiri. Nyumba zetu zimejengwa kwa mchanga huo. Siwalaumu vijana, wanatafuta riziki. Ila kila lori linaloondoka pale limebeba kidogo cha kile kinachoishikilia nguzo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linawahusu zaidi wenzangu wa kalamu. Tukialikwa kwenye kukata utepe, twende, tule, tuandike. Lakini tumwulize mhandisi mwenyeji maswali matatu kabla hajaingia kwenye gari. Nguzo hizi zimesimama juu ya nini? Nani atazitazama chini ya maji, na baada ya miaka mingapi? Na siku mto ukifurika, nani ana ufunguo wa kufunga njia bila kusubiri simu kutoka juu? Majibu tuyaandike na tarehe yake, tuyatunze. Mvua za masika zikiisha, tumpigie simu tena tumuulize kama yule mpiga mbizi amekwenda.