Ridhaa ya Mke na Bunduki ya Nyumbani: Hoja kutoka Shimoni

Mkazi wa Shimoni, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, anayetaka kuweka rehani nyumba anamoishi na mkewe hawezi kufanya hivyo kwa saini yake peke yake. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 hakiitambui rehani ya nyumba ya ndoa mpaka mwenzi anayeishi humo naye atie saini. Mkazi huyo huyo akitaka kuingiza bastola chumbani, Sheria ya Silaha (Sura ya 114) haina kifungu kinachodai ridhaa ya mkewe. Inamtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha, asiwe mlevi wala mgonjwa wa akili, na asihatarishe usalama wa umma. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo halitetezeki, na kwamba mwenzi wa ndoa anastahili kusikizwa kabla ya cheti cha silaha kutolewa.

Hoja ya mume anayetaka silaha haifai kubezwa. Shimoni iko karibu na mpaka wa Tanzania, na mbele yake ni bahari ya Mkondo wa Pemba. Aidha, Pwani ya Kusini haijasahau tarehe 13 Agosti 1997, pale vijana waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walipovamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kupora bunduki. Aliyeona kituo cha polisi kikishindwa kujilinda ana haki ya kuuliza ni nani atakayeilinda nyumba yake. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Shimoni, jibu liko tayari: mume ndiye msimamizi na mlinzi wa familia.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1997 unampa mke hoja yenye uzito kama huo. Baada ya uvamizi, vikosi vya usalama viliingia vijijini kuzisaka bunduki zilizoporwa, na watetezi wa haki za binadamu walirekodi visa vya vipigo na ubakaji. Silaha zilichukuliwa na wanaume. Gharama ikawafika hata waliobaki nyumbani. Sheria nayo inamweka mke hatarini. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu, kitu kilicho mikononi mwa mmoja, wengine wakijua na kuridhia, huhesabiwa kuwa mikononi mwa wote. Maana yake ni kwamba mke anayenyamazia bunduki isiyo na cheti anaweza kujikuta kizimbani pamoja na mumewe. Sheria inayoweza kumtia hatiani kwa kuridhia haina budi kumpa nafasi ya kukataa.

Utafiti wa nje unaelekea huko huko. Huko California, watafiti waliwafuatilia mamilioni ya watu wazima kati ya 2004 na 2016. Waligundua kwamba wasio na silaha wanaoishi na wamiliki wa bastola walikuwa na uwezekano mara saba zaidi wa kuuawa kwa risasi na wenzi wao, na wengi mno wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. California si Kwale, na idadi ya silaha huko haifanani na yetu. Lakini hasira ya ugomvi wa ndoa haihitaji bunduki nyingi kuleta maafa, moja yatosha.

Tena, mambo ambayo afisa wa leseni anatafuta kuyajua kuhusu mwombaji, yaani ulevi, ghadhabu na uangalifu wa kuhifadhi silaha, mke anayajua kuliko rekodi yoyote ya polisi. Kumwacha nje ni kumpuuza shahidi aliye bora kuliko wote.

Pingamizi la kwanza ni la kidini. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Je, ridhaa ya mke haitaingilia uhuru huo? La. Cheti cha silaha ni ruhusa ya serikali, si mali ya ndoa. Na usimamizi wa mume katika fiqhi ni wajibu wa kukinga madhara. Haumpi idhini ya kuyaleta nyumbani. Katika ndoa ya mitala, mfano wa Sheria ya Ardhi unatosha: aulizwe mke anayeishi katika nyumba itakamowekwa silaha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mke anaweza kulazimishwa kutia saini. Kanada inatoa funzo. Fomu ya leseni huko ina nafasi ya saini ya mwenzi, na asipotia, afisa wa silaha hulazimika kumjulisha kuhusu ombi hilo. Kwetu tuongeze mahojiano ya faragha, mbali na mume na mbali na baraza la mtaa, kwa kuwa katika mji mdogo kama Shimoni siri haikai.

Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 inawapa wanandoa haki sawa ndoa ikiwa hai, na Ibara ya 29 inamkinga kila mtu dhidi ya ukatili, hata unaotoka kwa watu binafsi. Bunge liifanyie marekebisho Sura ya 114 ili cheti kisitolewe wala kuhuishwa kabla mwenzi hajahojiwa. Nchi inayolinda kuta za nyumba dhidi ya benki haina sababu ya kushindwa kuwalinda wanaoishi ndani yake.