Nyonyo angani: historia ya oili iliyoota nyuma ya nyumba

Ukiwa Musoma, Bunda au Butiama, mnyonyo si mti wa kukushangaza. Unaota wenyewe nyuma ya nyumba, pembezoni mwa shamba, hata jalalani. Wengine wanauita mbarika. Dukani unakutana nao kama chupa ndogo ya mafuta ya nywele. Sasa nikikuambia kwamba mafuta ya mbegu hizo ni sehemu ya historia ya ndege, na kwamba mpaka leo yamo ndani ya injini ndogo za ndege za modeli zinazoendeshwa kwa redio, utaniamini?

Tuanze na neno moja. Mafundi wetu husema "oili" kwa mafuta ya kulainisha injini, ili yasichanganywe na petroli inayochomwa. Nami nitafanya hivyo hivyo, kwa sababu hadithi yote imekaa kwenye uhusiano wa vitu hivyo viwili.

Mwaka 1909 ndege zilianza kurushwa na injini ya Kifaransa iitwayo Gnome, kazi ya ndugu wa ukoo wa Seguin. Ilikuwa na tabia ya ajabu. Kwenye injini uliyoizoea, silinda zimetulia na shafti ndiyo inayozunguka. Kwenye Gnome shafti ilifungwa kwenye mwili wa ndege, halafu silinda zote zikazunguka pamoja na propela! Faida yake ilikuwa upepo: silinda zilijipoza zenyewe, na injini ikawa nyepesi kuliko nyingi za wakati ule.

Lakini kulikuwa na tatizo. Petroli ilipitia kwenye chumba cha katikati, kule kule kwenye beringi na shafti. Petroli huyeyusha oili inayotokana na mafuta ya ardhini. Ukiweka oili hiyo pale, inasombwa na vyuma vinabaki vikavu. Ilitakiwa oili ambayo haielewani na petroli, nayo ni mafuta ya nyonyo.

Hapa kemia inasaidia. Sehemu kubwa ya mafuta ya nyonyo, karibu asilimia 90, ni asidi iitwayo risinoleiki. Molekuli yake ni ndefu kama za mafuta mengine, ila katikati imebeba kundi la oksijeni na hidrojeni, lile lile linalopatikana kwenye pombe. Kundi hilo linaifanya isichanganyike kirahisi na petroli. Linayafanya pia mafuta yawe mazito na yashike vizuri kwenye chuma hata injini ikiwa ya moto sana.

Injini hizo hazikurudisha oili. Ilitumika mara moja, ikarushwa nje pamoja na moshi, na rubani aliyekaa nyuma yake akaivuta na kuimeza. Kama bibi yako aliwahi kukunywesha mafuta ya nyonyo kwa ajili ya tumbo, unaweza kukisia kilichowapata marubani. Kampuni ya Uingereza ya C. C. Wakefield, iliyochanganya mafuta haya kwenye oili zake, ilizipa jina la Castrol kutokana na jina la Kiingereza la nyonyo. Jina hilo bado liko kwenye makopo ya oili.

Injini za aina hii zilifika kwetu pia. Mwanzoni mwa 1915 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith zenye injini za Gnome kwenda kuitafuta. Joto na unyevu wa pwani viliziangusha ndege hizo kabla ya adui. Baadaye zililetwa nyingine, zikawa macho ya meli zilizopiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe. Fikiria hilo: injini iliyotegemea mafuta ya nyonyo ikiruka juu ya nchi ambayo mnyonyo unaota kama magugu. Wataalamu wa mimea wanaiweka asili ya mmea huu upande huu wa Afrika, Ethiopia ikiwemo. Ila oili yenyewe ilikuja kwa meli kutoka mbali.

Vita vilipopamba moto, mafuta haya yakawa mali ya kijeshi. Marekani ilipojiandaa kurusha ndege zake mwaka 1918, serikali ilitafuta wakulima wa kupanda mnyonyo Florida na majimbo jirani, kwa mbegu zilizotolewa India. Jalalani kwetu, mtaji wa vita kwao.

Kisha injini zikabadilika. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilifungua safari kutoka London hadi Mwanza, hapo jirani tu na Mara. Kipande cha mwisho kilifanywa na ndege za majini aina ya Short Calcutta. Silinda za injini zake zilitulia, na petroli haikupita tena katikati ya beringi. Sababu kubwa ya kutumia nyonyo ikawa imeondoka.

Ila nyonyo ilirudi, kupitia kwa watu wa ndege ndogo. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha modeli yao "Guff", mojawapo ya ndege za kwanza kabisa kuongozwa kwa redio. Injini yake ilitumia petroli na cheche za umeme. Mwaka 1947 Ray Arden, Mmarekani pia, akaleta sokoni plagi yenye waya wa platinamu unaobaki mwekundu kwa moto. Haihitaji betri ikishawaka, lakini inataka methanoli, si petroli. Methanoli ni aina ya pombe, na nyonyo inayeyuka vizuri ndani ya pombe. Umeona? Kundi lile lile la molekuli lililoifanya ikatae petroli kwenye Gnome, ndilo linaloifanya iikubali methanoli kwenye modeli. Sifa ni moja, sababu mbili zilizo kinyume.

Mvuvi wa Musoma mwenye injini ya boti ya kuchanganya ataelewa hili haraka. Yeye huchanganya oili kwenye petroli, na injini inalainishwa na kile inachochoma. Modeli ni hivyo hivyo, isipokuwa oili ni nyingi zaidi: mchanganyiko wa kawaida huwa na methanoli karibu asilimia 70, oili karibu 20, na nitromithani kidogo ya kuongeza nguvu.

Kutokana na hapo, matunzo yake yanajieleza yenyewe. Methanoli hunyonya maji hewani, kwa hiyo chupa ifungwe vizuri na tangi likaushwe kila baada ya kuruka. Mabaki yakilala ndani ya injini, beringi zinashika kutu. Ndiyo maana unaiacha ichome tone la mwisho, kisha unatia oili kidogo ya kuhifadhia. Mrija wa silikoni unafaa kwa methanoli, lakini ukipitisha petroli utavimba na kuharibika. Ndani ya tangi kuna kizito mwishoni mwa mrija, kinachofuata mafuta popote ndege inapolalia. Mrija huo ukitoboka injini inavuta hewa, inakosa mafuta, inapata joto. Hapo nyonyo inaonyesha thamani yake, kwa kuwa inaendelea kulinda chuma pale oili nyingine zinapoungua. Gharama yake ni utando wa kahawia unaoganda kwenye pistoni. Tafadhali usimimine mafuta ya nywele kwenye injini. Hayakusafishwa kwa kazi hiyo. Na mbegu zenyewe usizichezee wala kuwaachia watoto: zina sumu kali ya risini.

Leo injini hizi zinapisha betri. Pengine kizazi kijacho hakitajua harufu ya nyonyo iliyoungua.

Lakini kuna upande mmoja wa historia hii ambao haujaandikwa vya kutosha, nao uko karibu nawe. Miaka ya 1950 Tanganyika iliuza nje mbegu za nyonyo, zikakamuliwa kwingine. Vitabu vimehifadhi majina ya waliounda injini. Waliochuma mbegu hawatajwi. Kama una mzee Bunda au Butiama, muulize: nyonyo mliuza kwa nani, kwa kipimo gani, na mliambiwa zinakwenda kufanya nini? Andika majibu yake, na mwaka, na jina la soko. Hilo halihitaji maabara, na wenye majibu wanazidi kupungua.