Vipaji Vinavyosubiri Darasa la Saba

Shule za sekondari za vipaji maalumu zinajulikana Tanzania nzima: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na nyinginezo. Mtoto huzifikia baada ya kung'ara katika mtihani wa kumaliza darasa la saba. Sina ugomvi na shule hizo. Kinachonisumbua ni miaka saba inayozitangulia, kwa maana historia ya elimu yetu inaonyesha kwamba shule ya msingi imekuwa chujio la watoto wenye vipaji, na ni mara chache sana imewalea.

Waingereza walipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, walilenga hasa watoto wa machifu, na wanafunzi wengi wa Kiafrika waliobahatika kusoma waliishia darasa la nne. Hata hivyo, katika mfumo huohuo kuna kisa kinachofaa kuangaliwa kwa makini. Inasimuliwa kwamba Kambarage, ambaye baadaye tulimjua kama Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alimshangaza chifu mmoja kwa umahiri wake wa kucheza bao, na chifu huyo akashauri kijana apelekwe shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akawa Tabora. Mtu anaweza kusema mlango ulifunguka kwa sababu ya ukoo, na ni kweli. Lakini ukoo haumrushi mtoto darasa. Mtu mzima aliiona akili yake kwenye mchezo, kabla ya mtihani wowote, kisha shule ikamwacha aende kwa mwendo wake. Halikujengwa jengo jipya wala haikutengwa bajeti.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kumwacha mtoto mwenye kipaji aende kwa mwendo wake ni la usawa, na aliyelijengea msingi ni Nyerere mwenyewe. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alipinga shule ya msingi kuwa maandalizi ya wachache, wakati ambapo takriban watoto 13 tu kati ya 100 waliomaliza walipata nafasi ya sekondari. Azimio la Musoma la 1974 likafungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, na madarasa yakafurika. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, nami nautetea. Ila kumpa kila mtoto dawati hakumaanishi wote watembee hatua moja. Leo mwenye pesa humpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza na kumlipia tuisheni. Anayebaki akisubiri wenzake ni mtoto wa mkulima. Anayeujali usawa kweli amtazame huyo kwanza.

Katika darasa lililojaa, anayemaliza hesabu mapema huambiwa akae kimya, au hufanywa kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele, au hupewa chaki anakili noti ubaoni. Ni heshima, lakini hajifunzi kipya. Walimu watasema hawana muda, na wana haki ya kulalamika. Lakini kumwazima kitabu cha darasa la juu, au kumruhusu asome hisabati na darasa la tano huku masomo mengine akibaki la nne, hakudai saa nyingi. Njia hiyo pia inajibu hofu ya wazazi kwamba mtoto mdogo akirushwa darasa zima ataonewa na wakubwa.

Toleo la 2023 la sera ya elimu linaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Watoto wote wakivuka kwenda sekondari, mtihani wa mwisho wa msingi hautakuwa tena na kazi kubwa ya kuchuja. Hapo atakayeweza kumtambua fundi wa magari ya waya au bingwa wa bao ni mwalimu wa darasa la pili au la tatu, na mafunzo ya kazi hiyo yaanze kwake.